Chupa, mifuniko na moto: ninavyobana gharama za jamu ya plamsi

Plamsi za huku Lushoto, kwenye milima ya Usambara, zinaiva Desemba na Januari, na zikianza hazisubiri mtu. Ndoo ya lita 20 niliyoinunua elfu kumi na tano mwanzo wa msimu, wiki tatu baadaye naletewa mlangoni kwa elfu tano, na jioni mwenye nayo yuko radhi kupokea elfu tatu kuliko kupanda nayo mlima kurudi kwake. Kwa hiyo matunda hayajawahi kunisumbua. Kilichokuwa kinanimaliza ni chupa.

Mwaka 2019, nilipoanza kutengeneza jamu ya kula nyumbani na kuuza kidogo, niliagiza chupa mpya 60 kutoka Dar es Salaam, za mililita 300 hivi, pamoja na mifuniko yake. Moja ilikuwa shilingi 1,200. Boksi likapanda basi, likashushwa Mombo, likapakiwa kwenye Noah kupanda mlima kupitia Soni. Gharama za mzigo zikafika 8,000. Nilipofungua, chupa saba zilikuwa vipande. Yaani 80,000 nzima kwa chupa 53 zilizosalimika, kama 1,500 kila moja, na hapo sijaweka hata kijiko cha sukari. Tunda, sukari na mkaa vyote kwa pamoja havikufika kiasi hicho.

Tangu msimu ule naandika kila shilingi kwenye daftari, na gharama ya chupa na mfuniko wake sasa ni kama 450. Nimejifunza mahali pa kubana na mahali pa kuacha. Nabana kwenye chupa, kwenye moto na kwenye sukari. Kwenye mfuniko na kwenye ukali wa limau sibani hata senti, na nitaeleza kwa nini.

Tuanze na chupa. Lushoto inapokea wageni wengi wanaokuja kutembea milimani, na kila nyumba ya wageni inafungua jamu, asali na mayonezi kila asubuhi. Nilikwenda kwa mama mmoja anayepika kwenye nyumba mojawapo, nikamwamkia, nikamweleza shida yangu. "Mwanangu," akaniambia, "hizo si ndizo tunazotupa shimoni kila Jumamosi?" Tukaelewana: ananiwekea kwenye kiroba, mimi nampelekea chupa mbili za jamu kila mwezi. Kiroba kimoja kinatoka na chupa 20 hadi 25. Usiende mikono mitupu kuomba vitu hivi kila mara, maana msimu wa pili atachoka. Na mwombe azisuuze siku ileile. Mayonezi ikikauka ndani ya chupa inashika kama gundi na inaacha harufu inayokufuata mpaka kwenye jamu.

Chanzo cha pili ni wateja wangu wenyewe. Chupa ya jamu nauza 3,500, na anayerudisha chupa nzima anapunguziwa 300 kwenye inayofuata. Msimu uliopita zilitoka chupa 100, zikarudi 64. Hizo 64 nazijua: najua zilikuwa na nini, najua saizi yake, na hazina lebo ya kubandua kwa sababu mimi naandika kwa karatasi niliyoipaka uji wa ngano, inayotoka kwa maji tu. Za kiwandani zinasumbua zaidi. Lebo yenyewe inatoka ukiloweka usiku kucha, ila gundi inabaki. Paka mafuta ya kula kidogo, acha nusu saa, kisha sugua kwa majivu yaliyochekechwa. Hakuna haja ya kununua dawa yoyote.

Chupa za watu wa chakavu sizichukui, hata wakiniuzia shilingi 50. Huku kwetu ni mashamba ya mboga kila mteremko, na chupa tupu inatumika kupimia dawa ya kunyunyizia kabichi, au kuwekea mafuta ya taa. Chupa nisiyojua ilikotoka haiingii jikoni kwangu.

Hata zile ninazozijua nazikagua. Ninaosha kwa sabuni, nazikausha, kisha nakaa nazo mlangoni penye mwanga. Napitisha ukucha wa kidole gumba kwenye mdomo wa chupa, polepole, mzunguko mzima. Jicho linadanganywa na mng'ao wa kioo, ukucha haudanganyiki. Ukikwama hata padogo kama chembe ya mchanga, chupa hiyo inakwenda kuwekewa iliki au mdalasini, kwa sababu hewa itapita hapohapo na jamu itaota ukungu. Baada ya mdomo naigeuza nikatazama kitako juani. Ufa mwembamba unaonekana kama uzi wa buibui, na ndio unaopasuka sufuriani na kukumwagia jamu yote kwenye maji. Chupa za kahawa zenye mfuniko wa plastiki nazo hazifai kwa kazi hii, kwa sababu mfuniko wake hauvuti ukabana. Hizo weka unga wa pilipili.

Jambo lingine lililonipunguzia gharama ni kuchagua saizi moja. Zamani nilikuwa nafurahia kila chupa nzuri, ndefu, fupi, yenye kiuno, kisha msimu ukifika natafuta mifuniko ya saizi nne tofauti, rejareja, bei ya juu. Mifuniko hii ya kuzungusha ina vipimo vyake. Ambayo nakutana nayo zaidi ni ya milimita 63, 66, 70 na 82. Mimi nimebaki na 63 kwa jamu na 82 kwa chupa kubwa za nyanya na matunda mazima. Nyingine zote nagawa. Kwa kuwa natumia saizi mbili tu, naweza kununua mifuniko 100 kwa mara moja, na bei inashuka.

Hapo nilipata hasara moja ambayo napenda ikuepuke. Wifi yangu yuko Dar, nikamwomba anipitie madukani Kariakoo anichukulie mifuniko. Nilikuwa nimepima mfuniko wa zamani kwa rula, ukingo wa nje mpaka ukingo wa nje, nikapata 66. Akanipigia simu akiwa dukani: "Wifi, kuna ya sitini na tatu na ya sitini na sita, nichukue ipi? Kwa macho ni mapacha." Nikamjibu sitini na sita bila kusita. Ilipofika, ilikaa juu ya chupa kama kofia ya baba kwenye kichwa cha mtoto, ikazunguka bila kushika. Mifuniko 100, kwa 350 kila mmoja. Namba ya mfuniko si kile rula inachokuonyesha kwenye ukingo wa nje. Sasa simpi wifi kipimo. Nampelekea chupa yenyewe tupu kwa mtu anayeshuka Dar, anajaribishia kaunta mbele ya muuzaji.

Kwa nini ninunue mifuniko mipya kila msimu wakati ya zamani ninayo na inang'aa? Geuza mfuniko uliokwishatumika utazame ndani. Kuna duara la kitu laini kama mpira, na juu yake kuna mfereji ulioachwa na mdomo wa chupa ya kwanza. Mpira ule unalainika kwenye joto, unakumbatia mdomo wa chupa, kisha unapoa na umbo hilo. Ukiurudisha kwenye chupa nyingine, mdomo haukai sawasawa kwenye mfereji wa zamani. Mara nyingine unabana, mara nyingine unabana wiki mbili kisha unaachia kimyakimya kabatini, na hutajua mpaka ufungue. Chupa moja ya jamu iliyoharibika imenigharimu tunda, sukari, moto na mteja, yote kwa kukwepa mfuniko wa shilingi 350. Ya zamani haipotei bure: inafunika karanga, chumvi, viungo, na jamu ya kula wiki hii iliyoko kwenye friji.

Mifuniko mipya usiichemshe kwa muda mrefu ukidhani unaisafisha zaidi. Ioshe kwa maji ya sabuni, suuza, iweke kwenye maji ya moto mpaka uihitaji.

Sufuria maalumu ya kazi hii sina na sijawahi kuitafuta. Natumia sufuria la pilau la shughuli, lenye kina cha kutosha chupa kusimama na maji kuzifunika vidole viwili juu. Chini naweka vijiti vya mianzi nilivyovifunga kwa kamba ya katani kama kimkeka, maana chupa ikigusana na bati linalochemka inapasuka kitako. Kitambaa kilichokunjwa nacho kinafaa, ila kinaelea na kukuudhi. Kujazia natumia kikombe cha bati chenye mdomo wa kumiminia. Kutolea chupa, koleo la chapati halitoshi. Nilikwenda kwa fundi bati, akanipindia nondo nyembamba ikawa kama mikono miwili, nikaivalisha raba ya baiskeli kwenye ncha. Nilimlipa 3,000, na ninayo mpaka leo.

Jamu naijaza ikiwa ya moto sana kwenye chupa za moto, naacha nafasi ya nusu sentimita juu, nafuta mdomo kwa kitambaa safi chenye maji ya moto, nafunika, kisha chupa zinaingia sufuriani kuchemka. Kule kufuta usikuruke. Punje moja ya sukari kwenye mdomo inatosha kuzuia mfuniko usibane.

Hapo kwenye kuchemsha ndipo mwinuko unapoingia. Lushoto mjini tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kila ukipanda mita 300 maji yanachemka kwa joto pungufu kama nyuzi moja. Tanga mjini, kule pwani, yanachemka kwa nyuzi 100, kwetu ni kama 95. Yanatokota vilevile, yanaruka vilevile, lakini hayana moto uleule. Kwa hiyo jamu ambayo ndugu yangu wa Tanga anaichemsha ndani ya chupa dakika 10, mimi naipa dakika 15. Kwa muda huo chupa hazihitaji kuchemshwa peke yake kabla ya kujazwa. Zikioshwa vizuri na kutunzwa zikiwa za moto, zinajisafisha pamoja na jamu ndani. Zamani nilikuwa nachemsha chupa tupu kwanza, kisha nazichemsha tena zikiwa na jamu, na ule mkupuo wa kwanza ulikuwa unakula nusu debe la mkaa kila siku ya kazi.

Mkaa wenyewe nimepunguza kwa jiko la maranda. Huku milimani kuna misitu ya misonobari na viwanda vya mbao, na maranda na vumbi la mbao vimekuwa vikitupwa. Mimi nabeba gunia kwa 500 au bure. Chukua debe la bati, toboa tundu la kuingiza mkono karibu na kitako. Simamisha chupa ya bia katikati, laza gongo la unene uleule kutoka kwenye tundu mpaka ligusane na chupa. Sasa mimina vumbi la mbao kidogo kidogo huku unashindilia kwa mchi, kwa nguvu, tabaka kwa tabaka, mpaka juu. Zungusha chupa taratibu uichomoe, chomoa na gongo. Inabaki njia ya hewa yenye umbo la herufi L. Washa vijiti viwili kwenye tundu la chini, na moto unapanda kwenye shimo la katikati, unaula ule ukuta taratibu kwa masaa. Vumbi liwe kavu kabisa na lishindiliwe sawasawa. Likiwa legelege linaporomoka na kuziba hewa, na moshi utakutoa jikoni. Mimi naliweka nje, chini ya banda, na debe moja linanichemshia sufuria tatu za chupa bila kuongeza kitu.

Sukari. Mwanzoni mwa 2024 ilipoadimika na kupanda nchi nzima, nilidhani msimu umekwisha. Kawaida ya jamu ni kilo moja ya tunda kwa kilo moja ya sukari. Nilishuka hadi gramu 700 kwa kilo ya plamsi zilizotolewa kokwa, na sikurudi tena juu, kwa sababu wateja waliipenda zaidi. Hili linawezekana kwa plamsi kwa kuwa zina ukali wake na zinaganda zenyewe, hasa ukichanganya robo ya ndoo iwe ambazo hazijaiva sawasawa. Unga wa kugandishia unaouzwa madukani sijawahi kuununua. Kwa matunda yasiyoganda, kama papai, nachukua maganda ya pasheni, nayachemsha mpaka nyama ya ndani iwe laini na iangaze, naikwangua kwa kijiko na kuiponda ndani ya sufuria. Kokwa za limau zilizofungwa kwenye kitambaa zinafanya kazi hiyohiyo.

Jamu ya sukari pungufu, ikishafunguliwa, inaota ukungu mapema. Kwa hiyo ifungie kwenye chupa ndogo, na umwambie mteja aiweke kwenye friji au aimalize ndani ya wiki. Kujua kama imeganda huhitaji kipimajoto: weka kisahani kwenye maji baridi, dondoshea kijiko, subiri dakika moja, sukuma kwa kidole. Uso wake ukijikunja, epua. Wenye kipimajoto wakumbuke mlima: Tanga inaganda kwenye nyuzi 104 au 105, huku kwetu ni 100 hivi, na anayesubiri 105 ataishia na peremende.

Mwezi ambao sukari haipatikani kabisa, nafunga plamsi nzima kwa maji yenye sukari kidogo, kikombe kimoja kwa vikombe vinne vya maji. Natoboa ngozi kwa uma zisipasuke, naacha nafasi ya sentimita moja na robo, na chupa za nusu lita zinachemka dakika 30. Kinachozilinda ni ukali wa tunda, moto na mfuniko uliobana. Sukari hapo ni ladha tu.

Sasa ukali, kile cha pili ambacho sikibani. Kuna kijidudu kinachokaa kwenye udongo ambacho mbegu zake hazifi kwa maji yanayochemka. Ndani ya chupa iliyofungwa isiyo na hewa kinaamka na kutoa sumu ya botulizimu, inayopoozesha mwili na kuua, na chakula kinaweza kisiwe na harufu wala ladha mbaya. Kinachokizuia kuamka ni ukali. Plamsi, pasheni na nanasi vina ukali wa kutosha. Nyanya zimekaa mpakani, na nyingine ni tamu kuliko unavyodhani. Kwa hiyo kila chupa ya nusu lita ya nyanya naiwekea kijiko kimoja cha mezani cha maji ya limau ya dukani, yale ya chupa, au robo kijiko cha chai ya asidi ya sitriki, ule unga mweupe mkali. Limau la kuchuma mtini ukali wake unabadilika kwa mti na kwa msimu, ndiyo maana kwenye kazi hii moja nanunua. Nyanya zilizopondwa nilizozichemsha kwanza kwenye sufuria, chupa zake nazipa dakika 45 hapa Lushoto. Kule pwani ni 35.

Siki ya achari nayo soma kibandiko: iwe asilimia 5. Siki ninayotengeneza mwenyewe kwa maganda ya nanasi natumia kwenye kachumbari, maana sijui nguvu yake.

Maharage mabichi, karoti, mahindi, nyama, samaki: hivyo sivifungi kwenye chupa kwa maji yanayochemka, hata dakika mia mbili. Vinahitaji sufuria ya presha iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, yenye kipimo, inayofikisha joto nyuzi 116 na zaidi. Ile ndogo ya kupikia maharage si yenyewe. Mboga nazikausha juani chini ya chandarua, na hilo halidai chupa.

Chupa zikitoka sufuriani naziweka juu ya mbao au kitambaa kikavu, mbali na upepo, na sizigusi mpaka kesho. Asubuhi nabonyeza kila mfuniko katikati. Uliobana umezama na hautikisiki. Unaoruka chini ya kidole haukushika, na chupa hiyo inakwenda friji na kuliwa wiki hiyo, au inafunguliwa, inachemshwa upya na kupewa mfuniko mwingine ndani ya saa 24. Ikitokea miezi baadaye mfuniko umevimba au chupa inafoka ikifunguliwa, usionje. Chimbia mbali na kuku.

Mifuniko naagiza Septemba, mapema kabla plamsi hazijaanza kuiva na kila mtu hajakumbuka kuitafuta. Chupa tupu ya 63 inatangulia kwa wifi ikiwa imefungwa ndani ya kitenge, na shilingi 35,000 nazituma kwa simu baada ya yeye kuniambia ameshaizungusha na imeshika.